Habari Mbaya Ifike Mapema

Leo nataka tuzungumze juu ya habari mbaya kazini: mashine iliyoharibika, tarehe isiyoweza kutimia, fedha iliyokwisha kabla ya kazi kwisha, mteja aliyekasirika. Hasa nataka tuangalie inachukua muda gani tangu mtu wa kwanza aijue mpaka imfikie mwenye uwezo wa kufanya jambo. Katika ofisi nyingi ninazozifahamu muda huo ni mrefu mno. Fundi anajua Jumatatu. Msimamizi wake anaanza kuhisi Alhamisi. Meneja anaambiwa mwishoni mwa mwezi, tena kwa lugha iliyolainishwa. Mkurugenzi anakuja kuisikia siku ya uzinduzi, mgeni rasmi ameshafika na utepe umeshafungwa.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu siku hizi kila ukienda, Dar es Salaam, Nairobi, Kigali, unasikia watu wakizungumzia mbinu za kufanya kazi ziitwazo ajaili, kwa Kiingereza agile. Zilianza kwa watengeneza programu za kompyuta, sasa zimeingia mabenki, kampuni za simu, mashirika ya maendeleo, hata idara za serikali. Ukifika utaziona ukutani: ubao mweupe wenye safu tatu, ya kazi ambazo bado, zinazoendelea na zilizokwisha, na vikaratasi vya njano na vya waridi vimebandikwa humo. Asubuhi timu inasimama mbele ya ubao kwa dakika kumi na tano hivi, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Kila baada ya wiki mbili wanamwonyesha mteja kilichokamilika, hata kama ni kidogo. Kisha wanakaa wenyewe kwa wenyewe kujiuliza: tumefanyaje kazi pamoja, na tubadilishe nini?

Yote hayo ni mazuri na mimi ni mtetezi wake. Lakini nimeona timu zikiyachukua yote, ubao, vikaratasi, kikao cha kusimama, na mwaka ukapita bila kazi kwenda mbele. Na nimeona nyingine zenye ubao kama ule ule zikifanya maajabu. Nadhani tofauti yao imo katika ile safari ya habari mbaya.

Jina la ajaili lilianza kuvuma Februari mwaka 2001, katika hoteli ya milimani huko Snowbird, jimbo la Utah, Marekani. Watengeneza programu 17 walikutana kwa siku chache, miongoni mwao Kent Beck, Martin Fowler, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, wakaandika tamko fupi. Walikuwa wamechoshwa na miradi ya kompyuta inayoanza na makabrasha mazito, inayoendelea kwa miaka, na kumfikia mteja wakati mahitaji yake yameshabadilika. Kwa maneno yangu mimi, walichosema ni kwamba watu na mazungumzo yao yatangulie taratibu na vifaa. Kitu kinachofanya kazi kitangulie nyaraka. Mteja awe mshirika kabla ya kuwa upande wa pili wa mkataba. Na mabadiliko yakitokea, mpango uyafuate. Hawakukataa mipango wala nyaraka. Walichokataa ni vitu hivyo kuwa mahali pa kujificha.

Sasa, tuone jambo hili likitendeka kwa mfano wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Sisemi kwamba waliolifanya walikuwa na ubao wa ajaili ukutani. Ninachotazama ni mwenendo wao.

Oktoba mwaka 2005, Safaricom na Vodafone walianza kujaribu huduma mpya nchini Kenya. Sehemu ya fedha ilitoka serikali ya Uingereza, karibu pauni milioni moja. Aliyekuja na wazo alikuwa Nick Hughes wa Vodafone, na Susie Lonie alikwenda Nairobi kulisimamia likiwa kazini. Wazo la awali lilikuwa jembamba kabisa. Mkopaji wa taasisi ya mikopo midogo apokee mkopo wake kwa simu, na alipe marejesho kwa simu, asibebe noti kwenda nazo kwenye kikao cha kikundi. Mshirika wao alikuwa Faulu Kenya. Wakaanza na mawakala wachache na wateja wasiofika 500, wakakaa karibu nao kutazama wanavyoitumia.

Wateja hawakuitumia kama ilivyoandikwa kwenye mpango. Wengine waliwalipia wenzao marejesho. Wafanyabiashara waliweka fedha kwa wakala kabla ya kusafiri, wakaitoa wakifika, ili wasitembee na noti mfukoni. Wengine waliweka tu, simu ikawa kabati la fedha za mauzo ya siku. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwarushia ndugu walioko kijijini, au wakawatumia fedha yenyewe. Wakati huohuo lile lengo la msingi, marejesho ya mikopo, lilikuwa linasumbua: kuoanisha malipo ya simu na hesabu za taasisi, pamoja na utaratibu wake wa vikundi, kulileta kazi kubwa ya mikono.

Kwa mtu aliyeandika andiko la mradi, hii ni habari mbaya. Mradi wa marejesho, na marejesho yenyewe ndiyo yanayokwama! Fikiria mambo yangekwendaje katika ofisi yenye woga. Ripoti ya robo mwaka ingesema majaribio yanaendelea vizuri isipokuwa changamoto ndogondogo. Wateja wangepelekwa semina ili wafundishwe matumizi sahihi. Timu ile haikufika huko. Iliyaona matumizi ya watu kuwa ndiyo mahitaji yao, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, mkopo uliwekwa kando na kiini chake kikawa kumtumia mtu fedha nyumbani. Yaliyofuata unayajua, huenda umetuma pesa leo asubuhi.

Naomba utazame kilichowezesha. Wateja wasiofika 500 ni wachache kiasi kwamba kosa halikugharimu kampuni wala heshima ya mtu. Msimamizi alikuwa karibu na wateja, hivyo taarifa haikupita kwenye mikono minne ikafika imepambwa. Na waliokuwa juu yake walikubali kusikia kwamba wazo lililoombewa fedha silo ambalo watu wanalitaka. Vipindi vya wiki mbili katika ajaili ni kwa ajili ya hayo. Ni vifupi ili kosa likigundulika liwe bado dogo, na mtu asione aibu kulisema. Mradi uliokwishatumia miaka mitatu na mabilioni ya shilingi, nani atathubutu kusimama aseme tulikosea mwanzoni?

Mizizi ya mbinu hizi ni ya zamani kuliko Snowbird. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika makala juu ya timu zilizokuwa zikibuni bidhaa mpya katika kampuni kama Honda na Canon, na hapo ndipo Schwaber na Sutherland walipochota mengi ya utaratibu wanaouita skramu, walioutangaza mwaka 1995. Ule ubao wa vikaratasi nao una asili yake Toyota, kwenye kadi alizozitumia Taiichi Ohno kuhakikisha kituo kimoja hakitengenezi vipuri zaidi ya kituo kinachofuata kinavyoweza kupokea. Na ukirudi nyuma zaidi utamkuta Sakichi Toyoda, mwasisi wa ukoo huo wa viwanda, aliyetengeneza mtambo wa kufumia nguo unaojisimamisha wenyewe uzi ukikatika. Kabla ya hapo uzi ukikatika mtambo uliendelea, na nguo iliyotoka ikawa na kasoro mpaka mtu aje aione. Kusimama pale pale kasoro inapotokea: wazo hilo la mwanzoni mwa karne iliyopita ndilo lililo chini ya mambo yote haya.

Mahali wazo hilo lilipowekwa kwenye mizani mbele ya macho ya watu ni Fremont, California.

General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari pale, ikakifunga mwaka 1982. Kilikuwa na sifa mbaya. Kwa siku ya kawaida, katika kila wafanyakazi watano mmoja hakuonekana kazini. Watu walikunywa pombe zamu ikiendelea. Malalamiko ya wafanyakazi dhidi ya wakubwa yalirundikana kwa maelfu. Na kulikuwa na sheria moja kuu kiwandani humo: mstari wa kuunganishia magari usisimame. Mfanyakazi akiona gari linapita na kifaa kilichofungwa kinyume, analiacha lipite. Mbele yake mwenzake anaweka kingine juu ya kosa lile. Gari likifika mwisho linasukumwa uani likasubiri kufumuliwa. Kila mtu pale mstarini alijua. Habari mbaya ilikuwa mbele ya macho ya watu mia, na hapakuwa na mahali pa kuipeleka.

Kisha Toyota na General Motors wakaingia ubia, na mwaka 1984 kiwanda kikafunguliwa upya kwa jina la NUMMI. Majengo yale yale. Chama kile kile cha wafanyakazi. Na sehemu kubwa sana ya wafanyakazi waliorudishwa ni wale wale, pamoja na watoro. Mamia yao walipelekwa Japani kujifunza ndani ya kiwanda cha Toyota, na huko walikutana na kamba.

Kamba hii ilipita juu ya kila kituo, mtu aliifikia akinyoosha mkono. Chukua mfanyakazi ambaye kazi yake ni kufunga viti. Gari linakaa mbele yake kwa muda wa kama dakika moja. Boliti inakataa kuingia. Anavuta kamba. Taa ya njano inawaka kwenye ubao ulioko juu, muziki mfupi unalia, na kiongozi wa timu yake anafika kabla gari halijatoka kituoni. Anauliza kuna nini, wanahangaika pamoja. Wakiweza, taa inazimwa na mstari haujasimama hata kidogo. Wasipoweza mpaka gari lifike mwisho wa kituo, mstari unasimama, na mkubwa wa juu zaidi anakuja. Hakuna anayeuliza nani amefanya hivi. Swali ni kwa nini boliti imekataa: tundu limepinda, au kifaa kimelegea, au boliti za mzigo huu zimekuja na kasoro? Na jawabu likipatikana, kazi yenyewe inabadilishwa ili kesho isitokee tena.

Watu waliozoea kuacha gari bovu lipite walipewa uwezo wa kusimamisha kiwanda kizima. Katika muda mfupi utoro ukashuka kutoka asilimia 20 hadi karibu asilimia 2, na ubora wa magari ukafikia karibu na ule wa Japani. Binafsi naona hili ni moja ya mambo makubwa yaliyowahi kuonyeshwa juu ya kazi na watu. Wale walioitwa wavivu hawakuwa wamebadilishwa na mahubiri yoyote. Walichopata ni mtu wa kuwasikiliza ndani ya dakika moja.

Sehemu ya pili ya kisa haisimuliwi mara nyingi. General Motors ilitaka viwanda vyake vingine viwe kama NUMMI, na kusini mwa California, huko Van Nuys, mwishoni mwa miaka ya 1980 ikajaribu. Timu ziliundwa, mbinu zikaletwa. Lakini wasimamizi walibaki wakipimwa kwa idadi ya magari yanayotoka, na marupurupu yao yalitegemea mstari usisimame. Aliyetaka usimame alikemewa. Mwaka 1992 kiwanda kile kikafungwa. Sababu za kufungwa zilikuwa nyingi, siwezi kuzibebesha kamba peke yake. Lakini inaeleweka kwa nini mbinu zile hazikushika pale. Ukimpa mtu kamba huku unampima bosi wake kwa kutovutwa kwa kamba, mtu huyo atajifunza upesi kuweka mikono mfukoni.

Na msikilizaji asije akasema hayo ni mambo ya viwanda vya magari tu. Kuna mfano uliopita nchini kwetu Tanzania, tena katika chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha fupi ya usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali katika miji minane duniani: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara, mkoani Morogoro. Aliyeongoza kazi hiyo ni daktari mpasuaji wa Marekani, Atul Gawande. Orodha ilikuwa na mambo 19 yaliyogawanywa katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Katika kile kituo cha pili, kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Muuguzi anasema jina lake. Mtaalamu wa usingizi anasema la kwake. Daktari mpasuaji vilevile. Kisha anaeleza anachotarajia, na wengine wanasema wanachokihofia.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika wagonjwa zaidi ya 7,600 wa miji yote minane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kujitambulisha kunaonekana jambo dogo, lakini muuguzi aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja chumbani humo ni rahisi zaidi kuitoa tena anapoona pamba moja haijahesabiwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2014, ukachapishwa utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada. Huko serikali ilizitaka hospitali zote zitumie orodha. Watafiti walizitazama hospitali 101 na upasuaji zaidi ya laki mbili, kabla na baada. Hospitali ziliripoti kuwa orodha inatumika karibu kila mara. Na vifo? Tofauti ilikuwa ndogo mno, haikuweza kuhesabiwa kuwa ni mafanikio ya orodha. Wataalamu walibishana sana juu ya sababu. Mimi nasimama na wanaosema kwamba karatasi inaweza kujazwa alama kila mahali huku mazungumzo yaliyokusudiwa hayafanyiki. Amri iliwafikisha watu kwenye karatasi. Kuwafanya wasikilizane ni kazi nyingine, haifanywi kwa waraka.

Sasa turudi mbele ya ubao wetu mweupe.

Tuseme ni timu inayotengeneza mfumo mpya wa ankara za maji. Saa tatu kasoro robo wamesimama. Meneja amesimama katikati, daftari mkononi, na wengine wote wamegeuzia nyuso kwake. Kijana wa kwanza anasema, jana nilikuwa kwenye ukurasa wa malipo, leo naendelea, hakuna kinachonikwamisha. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ni binti aliyeajiriwa karibuni, kazi yake ni kuhamisha taarifa za mita. Jana jioni amegundua kwamba katika orodha waliyopewa, wateja wengi wana namba zinazofanana. Nyumba mbili, namba moja ya mita. Mfumo ukiwashwa hivyo, mama mjane ataletewa ankara ya kiwanda cha matofali. Anafungua mdomo, anamtazama meneja, anakumbuka wiki iliyopita mwenzake alivyojibiwa aliposema ana tatizo. Usiniletee matatizo, niletee suluhisho. Basi anasema: naendelea na taarifa za mita, hakuna kinachonikwamisha. Kikaratasi chake kinabaki safu ya katikati, na kikao kinaisha kwa wakati.

Nataka kuisema wazi sentensi ile ya meneja, kwa sababu mabosi wengi wanaipenda na wanaamini inajenga. Inabomoa. Anayeliona tatizo mara nyingi sana si mwenye uwezo wa kulitatua. Binti yule hawezi kuwaagiza wasoma mita warudi mitaani. Hawezi kumpigia mkuu wa idara ya wateja. Alichonacho ni macho tu, na macho hayo ndiyo ambayo kampuni inayalipia. Ukimwambia asije bila suluhisho, umemwambia asije.

Kuna wanaosema kwetu haya hayawezekani, sisi ni watu wa shikamoo, mdogo hasemi mbele ya mkubwa, na mbinu hizi zimetoka kwa watu wanaoitana majina ya kwanza. Sikubali. Nenda kwenye kamati ya harusi. Wanakutana kila wiki, siku ya sherehe inajulikana, kazi zimegawanywa: ukumbi, chakula, mapambo, usafiri. Mweka hazina pengine ni kijana mwenye umri mdogo kuliko wote waliokaa pale. Anasimama, anasoma mbele ya wajomba na mashangazi nani ametimiza ahadi na nani bado, kisha anasema kwa adabu zote kwamba fedha iliyopo haitoshi chakula cha wageni waliopangwa. Hakuna anayemwona amekosa heshima. Wanashukuru kujua wakati bado kuna wiki nne, watu wanaongeza ahadi, au wanapunguza kadi. Mwenyekiti ni mzee, anaitwa mzee, anapewa kiti cha mbele, na yeye ndiye anayeuliza: haya mweka hazina, tumekwama wapi? Heshima yetu haijawahi kuzuia ukweli pale mkubwa mwenyewe alipouomba. Kinachouzuia ofisini ni hofu ya kutopandishwa cheo, ya mkataba kutoongezwa, ya kusemwa mbele za watu. Hofu hiyo tusiivike kanzu ya heshima.

Niseme pia juu ya mabosi wanaozipenda mbinu hizi kwa sababu wanadhani ni njia ya kuwafanya watu wakimbie zaidi. Wanahesabu vikaratasi. Wanalinganisha timu hii na ile, hii imemaliza ishirini, ile kumi na mbili, kwa nini? Matokeo yake watu wanaikata kazi moja vipande vitano ili hesabu ipendeze. Zile kadi za Ohno zilikuwa za kuweka mpaka, kazi isizidi uwezo wa anayefuata. Ubao ulio sawasawa una idadi ya mwisho kwenye ile safu ya katikati. Ikijaa, huanzi jipya, unamsaidia mwenzako amalize.

Wala si kila kazi inafaa kukatwa wiki mbilimbili. Daraja huwezi kujenga nusu ukawaita madereva walijaribu. Mishahara ya watumishi huwezi kuifanyia majaribio kwa watu halisi mwezi huu ukaona itakuwaje. Kazi za namna hiyo zinahitaji mchoro kamili na hesabu kamili kabla ya kuanza. Lakini hata kwenye daraja yupo fundi anayeona zege halijakaa sawa, naye anahitaji kamba ya kuvuta.

Kwa hiyo meneja unayenisikiliza, kama unataka kuanza, usianze na kununua ubao. Anza na mahali unaposimama. Katika kikao cha asubuhi toka katikati, simama pembeni, na uwe wa mwisho kusema, kwa sababu ukishatoa maoni yako mapema hakuna atakayetoa yaliyo tofauti. Lile swali la nini kinakukwamisha, lijue kuwa ni swali lako wewe. Kila linalotajwa pale ni kazi uliyopewa na timu yako, na kesho asubuhi uwe wa kwanza kueleza umefika wapi nayo. Kwenye kile kikao cha kujitathmini cha kila wiki mbili, msitoke na mambo kumi ya kubadilisha. Chagueni moja, mlifanye, kikao kijacho mwanze kwa kuulizana kama limefanyika. Timu inayoona kwamba ililolisema wiki mbili zilizopita limebadilika kweli itasema na jingine. Inayoona mapendekezo yake yakiandikwa kwenye chati na chati ikakunjwa itanyamaza.

Wewe uliye chini, sitakudanganya kwamba kusema ukweli hakuna gharama kila mahali. Zipo ofisi ambazo anayevuta kamba anaumia. Lakini kama meneja wako ameuliza kwa dhati, mpe angalau jambo moja dogo uone analifanyia nini. Sema ulichokiona, lini ulikiona, na kitamdhuru nani kikiachwa. Hilo linatosha, si lazima uje na jawabu.

Siku moja yule binti wa mita atasema. Atasema kwa sauti ndogo, pengine akiangalia vikaratasi. Wenzake wote hawatamtazama yeye, watamtazama meneja, na kitakachotokea katika dakika ile kitaamua kama kikao chao kina maana au hakina. Hotuba haihitajiki. Meneja aseme asante. Aulize ni wateja wangapi, na kama kuna mwingine aliyekutana na jambo hilo. Aulize, unahitaji nini kwangu leo? Na kama jibu ni kwamba mtu fulani wa idara ya wateja apigiwe simu, basi ampigie palepale, timu ikiwa bado imesimama.